Alaimenti baada ya kushusha gari: Subaru Impreza ya 2000 hadi 2007, hatua kwa hatua

Gari likishushwa kwa springi fupi, mwenye gari huangalia pengo kati ya tairi na fenda, akaridhika, bila kukumbuka alaimenti, yaani pembe ambazo magurudumu yamekaa. Miezi michache baadaye tairi zimetoa waya upande wa ndani, na upande wa nje bado unang'aa. Lawama huangukia kemba, yaani ule mlalo wa gurudumu ambapo kichwa kimeingia ndani, kwa sababu ndiyo inayoonekana kwa macho. Ukweli ni kwamba kemba ya digrii 1 na nusu peke yake hula tairi polepole. Mla tairi hasa ni tou: magurudumu mawili ya ekseli moja kuelekeana au kuachana kwa mbele. Hiyo huioni kwa macho, na karibu kila mara hubadilika gari linaposhuka.

Mfano wetu ni Impreza za umbo la GD na GG (alama za Subaru kwa sedani na wagoni), zilizotengenezwa 2000 hadi 2007. Zimejaa barabarani Kenya na Tanzania, wenye nazo hupenda kuzishusha, na sehemu zake za kurekebisha hazifanani mbele na nyuma. Mwishoni kuna neno kuhusu Vitz na gari nyingine zenye bimu moja nyuma, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu yote mawili ya nyuma.

Kinachohama chini ya gari

Mbele Impreza ina shokapu iliyofungwa moja kwa moja kwenye nako (chuma kinachobeba gurudumu), na lowa amu (mkono wa chini unaotoka kwenye bodi hadi kwenye nako) chini yake. Bodi inaposhuka milimita 30, ncha ya nje ya lowa amu hupanda ukilinganisha na ya ndani. Amu inapokaribia kulala sawa, boljointi, yaani ungio la ncha yake ya nje na nako, husukumwa nje. Kichwa cha shokapu kimefungwa kwenye bodi na hakisogei, kwa hiyo gurudumu linalala, kichwa ndani. Tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu, nayo inapanda, ila kwa duara lake lenyewe, kwa kuwa urefu wake na mahali ilipoanzia si sawa na vya amu. Tofauti ya duara hizo mbili ndiyo inayovuruga tou.

Ukishusha kupita kiasi, ncha ya nje ya amu inapita ule mlalo sawa na kuwa juu kuliko ya ndani. Hapo gari linaanza kulala sana kwenye kona kuliko kabla halijashushwa, na hakuna mashine ya alaimenti itakayoliponya. Dawa ni kupunguza ushushaji au kufunga boljointi zenye shina refu. Kwa barabara zenye matuta, milimita 25 hadi 35 zinatosha.

Vifaa

Uzi wa fundi mwashi, stendi nne za kuufungia, rula ya chuma inayosoma nusu milimita, kipimo cha pembe cha kidijitali (programu ya simu inafaa ukiikagua kwanza kwenye ubao ulionyooka), mpira mwembamba wa maji unaoona ndani, jeki na stendi zake, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), mafuta ya kulegeza kutu, chaki. Ongeza mabati manne ya sentimita 30 kwa 30 na grisi. Mabati mawili yaliyopakwa grisi katikati hukaa chini ya kila tairi la mbele ili ligeuke bila kung'ang'ania sakafu.

Ukipeleka gari kwenye mashine, bado kazi ya hatua mbili zinazofuata ni yako. Wenye mashine wengi hawaigusi.

Hatua ya 1: ondoa ulegevu

Inua kila gurudumu. Lishike juu na chini, litikise. Likicheza, tazama boljointi na beringi. Lishike kushoto na kulia. Likicheza, ni tairodi endi au raki endi, yaani maungio ya tairodi ya nje na ya ndani. Bushi (mto wa mpira) ya nyuma ya lowa amu ikaguliwe kwa mtaimbo mdogo, kwa maana hiyo ndiyo hupasuka kwanza. Kupima alaimenti kwenye gari lenye bushi iliyokufa ni kupoteza hela: utaseti sufuri likiwa limesimama, na ukikanyaga breki gurudumu litakwenda linakotaka.

Zungusha gurudumu huku umeshikilia kitu kilichotulia karibu na ukingo wa rimu. Rimu ikiyumba zaidi ya milimita 1, tia alama ya chaki mahali palipojitokeza zaidi nje. Wakati wa kupima tou, alama hiyo iwekwe juu kabisa, ili ukingo wa mbele na wa nyuma visome sawa. Wakati wa kupima kemba, iwekwe mbele au nyuma. Rimu iliyopinda vibaya ipelekwe ikanyooshwe kwanza.

Upepo wa tairi ufuate karatasi iliyo kwenye mlango, na ulingane kushoto na kulia. Mkia wa springi uwe umekaa ndani ya kikalio chake; ukipishana hata kidogo, upande huo unasimama juu.

Hatua ya 2: urefu na bushi

Springi mpya hushuka zaidi siku za mwanzo. Seti tou kwa makadirio siku ya kufunga, endesha kilomita 300 hadi 500, kisha ufanye kazi kamili. Usiruke yale makadirio ya mwanzo: tou ikiwa imekaa vibaya sana, kilomita 500 zinatosha kuharibu tairi laini.

Pima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne, uandike. Kushoto na kulia kwa ekseli moja visipishane zaidi ya milimita 5 au hivi. Vikipishana zaidi, tafuta sababu sasa: springi imebadilishwa upande, kikalio kimeoza, au bodi iliwahi kugongwa.

Sasa jambo linalosahaulika kuliko yote. Bushi za mpira za gari hili zimegandishwa kwenye mrija wake wa chuma. Fundi alizikaza gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Likishushwa chini, kila bushi inabaki imesokotwa. Inavuta gari juu, urefu unadanganya, na baada ya muda mpira unachanika. Kwa hiyo legeza bolti za ndani za lowa amu, za amu ndefu za nyuma, na za linki zote za kati za nyuma (vyuma vinavyokingama kutoka katikati ya gari hadi kwenye gurudumu). Legeza tu, usizitoe. Zikaze uzito ukiwa kwenye magurudumu, gari likiwa juu ya shimo la gereji au kwenye rampu. Kama huna shimo, weka gari juu ya stendi, kisha inua habu kwa jeki hadi umbali wa habu na fenda ufikie ule uliouandika, ndipo ukaze. Ni upande mmoja mmoja, na inachosha, lakini hakuna njia ya mkato.

Hatua ya 3: sakafu

Sakafu yenye mteremko wa sentimita 1 kati ya tairi la kushoto na la kulia, kwenye upana wa takriban mita 1 na nusu, inakupa kosa la karibu digrii 0.4 za kemba. Hilo ni kubwa kuliko tofauti unayotafuta. Jaza maji kwenye mpira, shika ncha moja kwenye tairi moja na nyingine kwenye jingine, tia alama kiwango cha maji, kisha ujaze palipo chini kwa vipande vya plaiwudi hadi pande zilingane kwa milimita 1 au 2. Fanya hivyo kwa tairi zote nne.

Weka uzito wa dereva kwenye kiti cha dereva: mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 na dumu la lita 20 la maji. Petroli iwe karibu nusu tangi. Sukuma gari mbele na nyuma mita mbili tatu ili magurudumu yatulie, maana gari linaposhuka kutoka kwenye jeki tairi hubaki zimebanwa kwa ndani au nje na vipimo vyote vya mwanzo ni vya uongo. Kisha likandamize mbele na nyuma mara tatu nne.

Hatua ya 4: funga uzi

Nyuzi mbili, moja kila upande wa gari, kwenye kimo cha katikati ya habu. Zikae sambamba. Njia ya uhakika ni kupima umbali kati ya uzi na uzi mbele ya gari na nyuma ya gari: uwe uleule. Halafu sogeza hadi umbali wa uzi kutoka katikati ya habu ya mbele kushoto ulingane na ule wa mbele kulia, na wa nyuma kushoto ulingane na wa nyuma kulia. Usijaribu kulinganisha mbele na nyuma ya upande mmoja, kwa kuwa upana wa ekseli hizo mbili si sawa. Hapa ndipo wengi hukosea, kisha hushangaa kwa nini usukani umekaa kombo.

Kila gurudumu linapimwa mara mbili: kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, na hadi ukingo wa nyuma. Umbali wa mbele ukiwa mkubwa, gurudumu limeelekea ndani. Ukiwa mdogo, limeelekea nje. Tofauti ndiyo tou ya gurudumu hilo. Jumlisha ya kushoto na ya kulia upate ya ekseli nzima.

Kuhusu hesabu: vitabu vingi hutaja tou iliyopimwa kwenye tairi, si kwenye rimu. Tairi la 215/45R17 lina kipenyo cha takriban milimita 625, na ukingo wa rimu ya inchi 17 ni takriban milimita 470. Kwa hiyo milimita 3 za kitabuni ni kama milimita 2 na robo kwenye rimu yako. Na kwa kemba, ukitumia timazi badala ya kipimo cha kidijitali, kila milimita 8 za tofauti kati ya ukingo wa juu na wa chini ni karibu digrii 1.

Vipimo vya kulenga

Kiwandani Impreza hizi ziliwekewa tou ya sufuri mbele na nyuma, kukiwa na nafasi ya milimita 3 kuelekea ndani au nje. Hiyo nafasi ni pana mno kwa gari lililoshushwa. Tunachopendekeza kwa gari la kila siku, kwa kipimo cha tairi:

Mbele: kemba hasi (kichwa cha gurudumu ndani) digrii 1 hadi 1.5, tou sufuri hadi milimita 1 kuelekea ndani.
Nyuma: kemba hasi digrii 1 hadi 1.7, tou milimita 1 hadi 2 kuelekea ndani, imegawanywa sawa kushoto na kulia.
Kemba ya kushoto na kulia isipishane zaidi ya nusu digrii.

Ili uone kwa nini milimita hizi ni nzito: tou ya jumla ya milimita 3 ina maana kila tairi linaburutwa kando takriban mita 2.4 kwa kila kilomita moja. Anayeendesha kilomita 30 kwa siku anayaburuta matairi yake kando mita 70 na ushei kila siku.

Hatua ya 5: nyuma kwanza

Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linaelekea wapi, usukani hufuata. Ukianza mbele utairudia kazi.

Tou ya nyuma hurekebishwa kwa bolti yenye kichwa cha duara kisicho na kitovu katikati, iliyo upande wa ndani wa linki ya nyuma. Ina mistari ya alama. Piga picha au chora chaki kabla ya kuigusa. Legeza nati, zungusha kichwa cha bolti, pima, kaza, pima tena, maana kukaza kwenyewe huvuta kidogo.

Tatizo la hapa ni kutu. Gari lililotumika maeneo ya Japani yenye theluji, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi, au lililokaa miaka Mombasa ama Tanga karibu na bahari, bolti hii huganda ndani ya mrija wa bushi. Inageuka, lakini inageuka pamoja na mrija, na linki haisogei. Paka mafuta ya kutu jioni, urudie asubuhi. Ikikataa, usiipige moto ukitumaini bushi itabaki: mpira utaungua. Kata bolti pande zote mbili za linki, uwe na bolti mpya, nati mpya na bushi au linki nyingine mkononi kabla hujaanza. Fundi wa mashine akikuambia nyuma haina marekebisho, mara nyingi anamaanisha ameikuta imeganda.

Kemba ya nyuma haina marekebisho ya kiwandani. Ikizidi digrii 2 hasi, una njia mbili: bolti za kemba kwenye maungio ya shokapu na nako, au linki za kati zinazorefushwa. Bolti ni rahisi na zinatosha kwa milimita 30. Kemba irekebishwe kabla ya tou, kwa nyuma na kwa mbele pia.

Kuwa mwangalifu na jumla inayodanganya. Nyuma kushoto ikiwa milimita 3 ndani na kulia milimita 3 nje, jumla ni sufuri na karatasi inaweza kusomeka vizuri, lakini gari linakwenda upande kama kaa. Soma kila gurudumu peke yake.

Hatua ya 6: mbele

Bolti ya juu inayounganisha shokapu na nako ni ya kurekebisha kemba kutoka kiwandani. Legeza nati za zote mbili, inua kidogo uzito, zungusha bolti ya juu kwa kichwa chake. Kama nafasi haitoshi, kuna bolti za kemba za kununua zinazofika digrii 1 na nusu au zaidi. Pima kipenyo cha ile ya zamani kabla ya kununua. Bolti hizi ni nyembamba mahali fulani, kwa hiyo nguvu ya kukaza ni ile iliyoandikwa kwenye boksi lake, si ile ya bolti ya kiwandani. Usiweke juu na chini zote mbili ili kupata digrii nyingi; breki kali au shimo vitaisogeza. Na usipanue tundu la shokapu kwa tupa.

Kasta, yaani mlalo wa mhimili wa usukani kwenda nyuma, haina marekebisho hapa. Ikipishana sana kati ya kushoto na kulia, tafuta bushi ya nyuma ya lowa amu au amu iliyopinda.

Sasa tou. Washa injini, zungusha usukani mwisho hadi mwisho, hesabu mizunguko, rudi nusu yake kamili. Hapo raki (sehemu inayosukuma tairodi usukani unapogeuzwa) iko katikati. Zima, funga usukani kwa mkanda kwenye kiti. Kama usukani umenyooka raki ikiwa katikati, lakini hukaa kombo gari likienda moja kwa moja, tairodi za kushoto na kulia hazina urefu sawa. Usikimbilie kuung'oa usukani na kuuhamisha meno.

Legeza nati ya kufungia tairodi. Legeza pia klipu ndogo ya buti ya raki (mfuko wa mpira unaofunika ungio la ndani), la sivyo buti itasokoteka na kupasuka, na vumbi litaimaliza raki endi. Zungusha tairodi. Raki ya Impreza iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo kurefusha tairodi kunasukuma nyuma ya gurudumu nje, na mbele inaelekea ndani. Mzunguko mmoja mzima huhamisha gurudumu kwa milimita 6 hivi kwenye kipenyo cha tairi. Anza na robo mzunguko. Fanya kushoto na kulia kwa kiasi kimoja ili usukani ubaki katikati.

Kaza nati huku umeishika tairodi kwa spana ya pili. Pima upya. Hapa ndipo milimita moja hupotea.

Hatua ya 7: barabarani

Nati za rimu zikazwe kwa toki renchi kabla ya kuondoka. Chagua barabara iliyonyooka, kilomita 50 hadi 60 kwa saa, usukani ushikwe kwa vidole. Kumbuka barabara imeinuka katikati: Kenya, Tanzania na Uganda gari huteremkia kushoto kidogo; Rwanda, Burundi na Kongo, wanakoendesha kulia, huteremkia kulia. Jaribu pande zote mbili za barabara kama hakuna magari, kabla ya kusema gari linavuta.

Likivuta kweli, badilisha tairi za mbele kushoto na kulia, kama si za mwelekeo mmoja. Uvutaji ukihamia upande mwingine, kosa ni la tairi. Ukibaki palepale, tazama kemba: gari huvuta kuelekea gurudumu ambalo kemba yake hasi ni ndogo kuliko ya jingine. Kasta nayo huvuta kuelekea upande wenye kasta ndogo. Tou ya mbele haivuti gari; hugeuza usukani kombo na kula tairi. Ukiona usukani umenyooka barabarani lakini tairi zinalia kwenye kona za polepole, rudi kwenye uzi.

Gari likiwa linahangaika kwenye mashimo, likigeuka lenyewe kila tairi moja linapoingia shimoni, tairodi imepanda mno ukilinganisha na lowa amu. Alaimenti haigusi hilo. Ni urefu.

Pima tena baada ya kilomita 500, na kila unapogonga shimo kwa nguvu. Taa za mbele nazo zishuke au kupanda kama inavyotakiwa, maana kimo chake kimebadilika.

Kwa Vitz, Axio na gari za aina yao

Mbele kanuni ni ileile, ila bolti za shokapu ni za kawaida. Toyota hutengeneza bolti nyembamba za kemba zenye vidoti kichwani, na idadi ya vidoti ndiyo inayotaja ukubwa wa marekebisho. Nyuma kuna bimu moja. Ikishuka sawa pande zote, kemba na tou karibu hazibadiliki. Ukikuta nyuma imehama sana, bimu imepinda au bushi zake zimekufa. Kuna shimu za kuweka kati ya bimu na kishikio cha habu, lakini bimu iliyopinda kwa ajali ibadilishwe tu.

Ukienda kwenye mashine, omba magurudumu manne yapimwe, si ya mbele peke yake, na upewe karatasi mbili, ya kabla na ya baada, zenye namba za kila gurudumu. Ziweke kwenye gari pamoja na vile vipimo vinne vya habu na fenda: siku tairi ikianza kulika upande mmoja, utapima urefu kwanza.